Mtawanyiko wa Alama Usipuuzwe

Mwanachuo anapokuwa mazoezini na kulinganisha njia mbili za kufundisha, aghalabu hutazama jambo moja tu: wastani wa kundi lipi ni mkubwa zaidi. Kisha huchanganya varianzi za makundi yote mawili zikawa moja, kana kwamba watoto wa pande zote wametofautiana kwa kiasi kilekile. Naiona desturi hii kuwa inawadhulumu watoto.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika shule moja ya Narung'ombe watoto 10 wamefundishwa hesabu kwa kadi za kujisomea, na wenzao 40 kwa njia ya kawaida. Wastani wa kundi la kadi ni 58, wa kundi la pili 50. Mkengeuko sanifu wa kundi dogo ni 20. Wa kundi kubwa ni 5 tu. Ukichanganya varianzi, t yako itakuwa 2.32, nawe utaandika kwa furaha kwamba kadi zimeshinda. Lakini hapo kundi kubwa, ambalo alama zake zimekaribiana, limeufunika mtawanyiko wa kundi dogo. Ipe kila varianzi haki yake: 400 igawe kwa 10, 25 igawe kwa 40, kisha jumlisha. Utapata 40.625, na kipeuo chake cha pili ni 6.37. Sasa t ni 1.26, na digrii za uhuru zimeshuka kutoka 48 hadi 9 hivi. Ushindi haupo tena.

Njia hii ilifafanuliwa na Mwingereza B. L. Welch mwaka 1947 (mwaka uleule ulipoanza mpango wa karanga uliofika hadi Nachingwea). Wako wanaoshauri tupime kwanza kama varianzi ni sawa. Siafikiani nao. Kwa makundi madogo kama yetu, kipimo hicho mara nyingi hushindwa kuiona tofauti iliyopo. Afadhali kuitumia njia ya Welch tangu mwanzo. Varianzi zikiwa sawa, hasara yake ni ndogo.

Tena, mkengeuko wa 20 ni habari yenyewe. Waweza kumficha mtoto aliyepata 88 na mwenzake aliyepata 28. Huenda kadi zilimfaa aliyekwisha kujua kusoma, zikamwacha asiyejua. Kabla ya kuandika ripoti, fungua daftari la mahudhurio, uone walio mkiani ni akina nani na walifika darasani siku ngapi.