Kabla ya kulipa kiingilio, mpime mtoto urefu

Baba mmoja wa Tabata aliweka akiba miezi minne ili Desemba awapeleke wanawe watatu kwenye michezo ya maji. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 6, mdogo 3. Siku yenyewe walitoka nyumbani saa moja asubuhi, wakapanda daladala mbili na bajaji, wakafika geti halijafunguliwa.

Saa nne na nusu yule wa kati alikuwa amelala chini analia. Mteremko aliokuwa akiuota tangu mama yake amwonyeshe picha kwenye simu ulikuwa na kibao chenye mstari. Mlinzi alimsimamisha pale, kichwa hakikufika. "Baba, mwambie mimi ni mkubwa," mtoto alisema. Baba akajaribu kweli kumwambia. Mlinzi akakataa.

Mkubwa alipanda peke yake mara mbili, akarudi kuketi, akasema haina raha. Mdogo, ambaye naye alilipiwa, alishinda akichota maji kwa kikombe cha plastiki pale watu wanaponawia miguu. Alikuwa mwenye furaha kuliko wote.

Mlinzi yule anastahili shukrani. Mstari wa urefu haujawekwa kuwakomoa watoto. Mikanda, viti na vyuma vya kuzuia mwili kwenye bembea kubwa hutengenezwa kwa kimo fulani. Aliye mfupi anaweza kuchomoka, na kwenye mteremko wa maji anaweza kutua kwenye kina kinachomzidi. Mzazi anayembembeleza mlinzi "mwache tu, nitamshika" anaomba asichokijua.

Kwa kawaida mtoto wa miaka 3 ana sentimita 95 hivi, wa miaka 5 anakaribia 110, na wa miaka 7 ndipo anapogusa 120. Kila sehemu ina vipimo vyake. Hata Disney kule Florida, wenye bembea za kila namna, hawamruhusu aliye chini ya sentimita 112 kupanda Space Mountain. Kwa hiyo mpime mtoto ukutani nyumbani, bila viatu, kisha piga simu kule mnakokwenda uulize: mwenye urefu huu anapanda nini na nini? Wakijibu "njooni tu, kuna kila kitu", uliza tena.

Swali linalofuata ni la fedha. Kuna sehemu kiingilio kinafungua kila mchezo, na kuna sehemu kiingilio ni cha kupita getini tu, kila bembea ina tiketi yake. Ya pili inaonekana rahisi kwenye tangazo. Watoto watatu wakipanda michezo minne kila mmoja, nauli ya kurudi inaanza kuguswa. Uliza pia kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa kuingia, na mdogo analipiwa kuanzia umri gani.

Dar es Salaam wazazi wengi huwaza Kunduchi Wet 'n' Wild upande wa kaskazini, au Fun City kule Kigamboni, ambako tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 si lazima kupanga foleni ya pantoni. Kwa familia ya watoto wa miaka 8 kwenda juu, michezo ya maji ni chaguo zuri. Kwa familia ambayo mkubwa wake ana miaka 5, ni fedha nyingi kwa ajili ya kukaa kwenye maji ya magotini. Maji ya magotini yapo pia ufukweni bahari ikitulia, bila kiingilio.

Na hayo ya magotini ndiyo ya kuogopwa. Mtoto mdogo anayezama hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye filamu. Anazama kimya, kwa muda ambao mzazi anatumia kujibu ujumbe mmoja. Maboya ya kupuliza ya mikononi yanachomoka na kupasuka. Ni ya kuchezea, hayaokoi. Hatari huwa kubwa zaidi watu wazima wanapokuwa wengi, kwa sababu mama anadhani baba anaangalia, baba anadhani shangazi anaangalia, na shangazi amekwenda kununua chipsi. Wapeane zamu. Mmoja awe anaangalia maji tu, simu iko kwenye mkoba, na mtoto wa chini ya miaka 5 awe mahali ambapo mkono unamfikia. Baada ya nusu saa mwingine apokee, na aseme kwa sauti kwamba amepokea.

Siku ya kwenda nayo ni ya kuchagua. Idi, Krismasi na Mwaka Mpya ndizo siku ambazo watoto wanadai kutolewa, na ndizo mbaya kuliko zote kwa mtoto mdogo. Walio Tabora hawajasahau Idi ya mwaka 2008, watoto karibu 20 walipofariki kwenye disko toto baada ya kubanana ukumbini. Tangu hapo kila sikukuu ikikaribia polisi hutangaza marufuku ya disko toto, na bado wapo wazazi wanaonung'unika. Nguo mpya ivaliwe siku yenyewe, watoto wale pilau na kutembelea ndugu; matembezi yawe Jumanne au Jumatano ya wiki inayofuata, shule zikiwa bado zimefungwa. Foleni ni fupi, na walinzi wa bwawa wanaona wanachokiangalia.

Wenye ndugu Dubai huletewa habari za bustani za huko, na wengine hualikwa. Legoland ya Dubai imepangwa kwa watoto wa miaka 2 hadi 12, hivyo wadogo hawaendi kutazama wengine. Ila likizo yetu ya Juni na Julai ndiyo joto la huko linapopita nyuzi 40. Wakati huo afadhali IMG Worlds of Adventure, ambayo yote iko ndani ya jengo lenye viyoyozi, au safari isubiri Desemba. Mtoto wa miaka 2 kwa vyovyote hataikumbuka. Kama nauli ni ya mkopo, bora angojwe akue.

Wa Tanga, Mombasa na Kwale wana kitu cha karibu zaidi, ambacho watu hawakihesabu miongoni mwa bustani za michezo kwa kuwa hakina bembea za umeme. Haller Park pale Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, shimo lisiloota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ikashika, lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza, akaleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye twiga, mamba na makobe wakubwa. Hapo ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamng'ang'ania kobe dume aitwaye Mzee kana kwamba ni mama yake. Mzee alikuwa na miaka 130 hivi. Msimulie mtoto wa miaka 4 habari hiyo njiani, atakapofika atataka kuona makobe kabla ya kitu kingine, na hakuna kibao cha urefu kwenye kobe.

Wa Dar wana Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali ambazo mtoto anaingia na kutoka. Kina kivuli, jambo ambalo mzazi hulikumbuka saa saba mchana akiwa amembeba mtoto aliyelala begani.

Usingizi huo nao uwe kwenye mpango. Mdogo chini ya miaka 4 ana saa tatu au nne za uchangamfu, baada ya hapo ni vilio, hata umpeleke wapi. Afike mapema, acheze, ale, na saa saba familia iwe njiani kurudi. Wakubwa watalalamika. Baba wa Tabata sasa anafanya hivi: siku ya wadogo wote wanakwenda, na siku ya mkubwa anakwenda naye peke yake, wawili tu, mara moja kwa mwaka. Anasema imepungua gharama, kwa kuwa wadogo wanaridhika na kidogo.

Kabla ya kutoka, namba ya simu ya mzazi iandikwe kwa peni kwenye mkono wa kila mtoto, upande wa ndani, na mtoto aonyeshwe getini mtu mwenye sare wa kumfuata akipotea. Wino ukifutika na maji, uandikwe tena wakati wa chakula.