Gari la kukodi: Ankara ndiyo huamua ushuru wako

WANAOJIAJIRI wanapowasilisha taarifa zao za ushuru kabla ya Juni 30 kila mwaka, wengi hujumuisha gharama ya gari la kukodi wakiamini kuwa pesa zikishatumika kwa kazi, KRA haina la kuuliza. Hilo si kweli.

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato huruhusu gharama iliyotumika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato pekee. Mhandisi anayekodi gari kutoka Nairobi hadi Kitui kukagua mradi wa mteja ana haki ya kuitoa gharama hiyo. Akilibakisha hadi Jumapili ili apeleke jamaa zake arusini, gharama ya siku hiyo ni yake binafsi, mafuta yakiwemo.

Kizingiti kikubwa kililetwa na Sheria ya Fedha ya 2023. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya mfumo wa eTIMS, yenye nambari ya PIN ya mnunuzi, haikubaliwi, ila chache zilizoruhusiwa. Ujumbe wa M-Pesa huthibitisha malipo tu.

Chukua mhandisi huyo, mapato yake yakiwa katika kiwango cha asilimia 30, naye amelipa Sh200,000 kwa mwaka kukodi magari. Akiwa na ankara, ushuru wake hupungua kwa Sh60,000. Akiikosa, hulipa ushuru kwa pesa ambazo hakubaki nazo. Wakati huo huo, mwenye gari aliyekataa kutoa ankara yuko kimya. Kwa maoni yangu, sheria hii humwadhibu mnunuzi kwa kosa la muuzaji. Mwishoni mwa 2024 Bunge lililegeza kamba kwa kuagiza mnunuzi mwenyewe atoe ankara iwapo muuzaji ni mdogo, mwenye mauzo yasiyozidi Sh5 milioni kwa mwaka. Lakini anayejificha KRA hataki jina lake lionekane popote.

Fundi au mfanyabiashara anayelipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3 hana gharama yoyote ya kutoa, hata awe na ankara mia. Na aliyesajiliwa kwa VAT asitarajie kurejeshewa ile aliyotozwa kwa kukodi gari dogo la abiria: Sheria ya VAT ya 2013 huikataa, isipokuwa kwa wenye biashara ya kuuza au kukodisha magari hayo.

Kabla ya kupokea ufunguo, basi, mwulize mwenye gari kuhusu eTIMS.