MLOLONGO WA 1988 UMERUDI MFUKONI MWETU



Mwaka 1988 mwanachama wa KANU aliyetaka kuteua mgombea wa ubunge alisimama juani, nyuma ya wakala au picha ya amtakaye, na ulimwengu mzima ukamwona. Chifu alimwona. Mwajiri wake alimwona. Mwenye duka aliyemkopesha unga alimwona. Mgombea aliyezoa asilimia 70 ya foleni alihesabiwa amekwisha kupita, wala hakungojea sanduku la kura ya siri. Huo ndio uliokuwa mlolongo. Waliousifu waliuita uwazi. Waliosimama ndani yake waliujua kwa jina lake halisi, nalo ni woga.

Mlolongo ulitupwa mwezi wa Desemba 1990. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kikafutwa. Watu walikuwa wamekwisha kupigwa, kufungwa na kuuawa kwa ajili ya siku hiyo. Nasi leo twaandika kutoka Lanet kusema bila kigugumizi kwamba mlolongo unarejeshwa, na safari hii haupangwi uwanjani mwa shule. Unapangwa mfukoni mwa kila mwananchi. Mtu awezaye kusoma ujumbe wa simu yako bila idhini yako na bila amri ya jaji amekwisha kujua umesimama nyuma ya nani, kabla hujafika kituoni kupiga kura.

YAWEZEKANA AU HAIWEZEKANI?

Tuanze na ukweli wa mambo, kwa kuwa uvumi huwafaa wakandamizaji kwa njia mbili. Aaminiye kwamba kila neno lasikika hunyamaza. Aaminiye kwamba hakuna lisikikalo hunaswa.

Yako matangazo yadaiyo kwamba ukiandika nambari ya simu ya mtu na kulipa kiasi fulani cha fedha, utasoma ujumbe wake wote ukiwa umeketi kwako. Huo ni ulaghai. Nambari peke yake haifungui simu. Mwenye kulipa hupoteza fedha zake, na mara nyingi huwakabidhi matapeli siri za simu yake mwenyewe.

Hata hivyo iko milango mitatu iliyo ya kweli.

Mlango wa kwanza uko katika kampuni ya simu. Ujumbe mfupi wa kawaida haufungwi kwa ufunguo walio nao mtumaji na mpokeaji peke yao. Hupita katika mitambo ya kampuni, na mwenye mitambo aweza kuusoma, kama vile karani wa posta awezavyo kuisoma kadi isiyotiwa ndani ya bahasha. Tena mfumo utumiwao na kampuni za simu duniani kupokezana mawasiliano, uitwao SS7, ulibuniwa miaka ya 1970, wakati kampuni zilikuwa chache na ziliaminiana. Mwaka 2014 wataalamu walionyesha hadharani nchini Ujerumani kwamba mtu aliyekwisha kuingia katika mfumo huo aweza kujivutia ujumbe wa mwenye simu aliye mbali naye kabisa.

Mlango wa pili ni mnara bandia, yaani chombo kinachojifanya mnara wa kampuni. Simu zilizo karibu nacho hukiamini, nacho hunasa yapitayo.

Mlango wa tatu ni simu yenyewe. Programu ya upelelezi ikishaingia ndani ya simu, hata ujumbe wa WhatsApp uliofungwa barabara njiani husomwa, kwa maana programu hiyo huona kioo kile kile ukionacho wewe. Nyingi za programu hizo huhitaji simu ishikwe mkononi kwa dakika chache. Nyingine, kama Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel, zaweza kuingia kutoka mbali bila mwenye simu kugusa lolote. Mwaka 2018 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, waliitaja Kenya miongoni mwa nchi 45 ambamo dalili za Pegasus zilishukiwa kuwako.

Basi jibu ni kwamba yawezekana. Ni vigumu kwa mtu wa kawaida. Ni rahisi kwa mwenye dola, kwa mwenye mtambo, na kwa yeyote aliyekunyang'anya simu.

YALIYOKWISHA KUANDIKWA

Mwezi wa Machi 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilitoa ripoti juu ya upelelezi wa mawasiliano nchini Kenya. Ilieleza, kwa ushahidi wa watu waliohojiwa, kwamba maofisa wa ujasusi waliweza kuyafikia mawasiliano ndani ya mitandao ya simu moja kwa moja. Mwezi wa Oktoba 2024, baada ya vijana kuandamana na wengine wao kutekwa nyara, gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba polisi walikuwa wakipata kumbukumbu za wateja wa Safaricom pasipo kufuata utaratibu. Kampuni ilikanusha, ikasema kuwa hutoa habari za wateja kwa kufuata sheria. Hatuketi hapa kama mahakama ya kuamua nani msema kweli. Twauliza tu: mwananchi wa kawaida atathibitishaje lolote, ikiwa hapana daftari liwezalo kukaguliwa wala ripoti isomwayo hadharani?

Kisha likaja jambo la mwaka 2025. Mnamo tarehe 2 Mei polisi waliwakamata watengenezaji filamu wanne jijini Nairobi, wakihusishwa na filamu ya BBC iliyochunguza kuuawa kwa waandamanaji nje ya Bunge tarehe 25 Juni 2024. Simu zao na vifaa vyao vilichukuliwa, vikarudishwa mwezi wa Julai. Citizen Lab ilipovichunguza ilieleza kuwa imekuta programu ya upelelezi iitwayo FlexiSPY, na kwamba ilikuwa imetiwa wakati vifaa hivyo vikiwa mikononi mwa polisi.

Litafakarini jambo hilo, wananchi wenzetu. Kielelezo cha ushahidi kinachukuliwa kwa jina la sheria, kisha kinarudishwa kwa mwenyewe kikiwa kimegeuzwa jasusi wa kumfuata hadi chumbani mwake. Atakayemwandikia wakili wake, mkewe au daktari wake atakuwa anamwandikia mtu mwingine pia.

HOJA YA USALAMA

Tutaambiwa kwamba sisi wa Bonde la Ufa ndio wa mwisho kulalamika. Je, si hapa palipopita ujumbe wa chuki baada ya uchaguzi wa Desemba 2007? Je, si Nakuru na Naivasha zilizowaka moto mwishoni mwa Januari 2008?

Hoja hii ni nzito, na hatuikwepi. Ujumbe wa uchochezi ulipita kweli, na watu wakafa. Serikali ilifikiria hata kuzima ujumbe mfupi kote nchini, na badala yake njia iyo hiyo ikatumiwa kutuma ujumbe wa amani. Lakini isomeni ripoti ya Tume ya Jaji Philip Waki ya Oktoba 2008. Inaonyesha kwamba shirika la ujasusi lilikuwa limeonya mapema juu ya uwezekano wa ghasia, na kwamba vyombo vya usalama havikuchukua hatua ipasavyo. Masikio ya dola yalikuwa wazi. Kilichokosekana ni mkono wa kumkinga raia. Sasa, kwa mantiki gani aliyeonywa akakaa kitako mwaka 2008 apewe leo ruhusa ya kusoma ujumbe wa kila mtu, ati ndipo atuokoe?

Lanet yetu inao mfano ulio bora kuliko huo. Mwaka 2012 magazeti ya nchi za mbali yaliandika habari za Lanet Umoja kwa sababu ya aliyekuwa chifu wake, Francis Kariuki. Chifu huyo alituma matangazo mafupi kwa Twitter, na wakazi wakayapokea hata kwa simu za bei ya chini kama ujumbe wa kawaida. Wezi walipovamia nyumba ya mwalimu saa kumi alfajiri, chifu aliarifiwa kwa simu, akatoa tangazo, na kwa dakika chache wakazi wakajaa nje ya nyumba ile. Wezi wakatimua mbio. Mifugo iliyopotea ilitafutwa kwa njia iyo hiyo.

Angalieni vyema usalama huo ulitoka wapi. Chifu hakudukiza simu ya mtu yeyote. Alisema hadharani, na watu wakamwambia wayajuayo kwa hiari yao, kwa sababu walimwamini. Serikali inayosema na watu wake huambiwa mengi. Serikali inayowachungulia watu wake hufichwa hata lile ambalo ingeambiwa bure.

SHERIA YASEMAJE

Hata Katiba ya enzi za chama kimoja, katika kifungu chake cha 79, ilitaja uhuru wa mtu dhidi ya kuingiliwa barua zake. Ilitaja, na bado mwaka 1986 na 1987 watu walifungwa kwa kupatikana na karatasi za Mwakenya. Twajua basi kwamba maneno mazuri ya Katiba pasipo mlinzi ni kanzu iliyotundikwa ukutani.

Katiba ya 2010 yasema waziwazi zaidi. Kifungu cha 31 chalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Kifungu cha 24 chakubali haki hiyo iwekewe mipaka kwa sheria tu, kwa sababu za haki katika jamii ya kidemokrasia, na kwa kiasi kisichopita haja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018, kifungu cha 17, yamtoza anayenasa mawasiliano bila idhini faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au yote mawili. Idara ya ujasusi nayo, kwa Sheria ya 2012, yatakiwa kwenda Mahakama Kuu kuomba kibali.

Mwanya uko wapi? Uko katika sheria ya usalama ya Desemba 2014, iliyoviruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano kwa ajili ya kuzuia ugaidi, kwa utaratibu wa kuandikwa na Waziri na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Mwezi wa Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria hiyo, lakini hicho ikakiacha hai. Kwa heshima zote kwa majaji, twashikilia kwamba mlango unaofunguka kwa kalamu ya Waziri si mlango wenye kufuli. Waziri ni mwanasiasa. Ana chama, na chama chake kina wapinzani.

Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Katiba, katika kifungu cha 81, yaamuru uchaguzi uwe wa kura ya siri. Lakini kura ni tendo la dakika mbili. Chama cha upinzani hujengwa kwa miaka mitano ya mazungumzo: nani atasimama, nani atachanga, mkutano ufanyike wapi, wakili yupi atafungua kesi. Mazungumzo hayo leo yako katika simu. Akiyasoma mshindani mwenye dola, vyama vyaweza kuandikishwa mia na bado nchi ikawa ya chama kimoja.

TUSAFISHE NA NYUMBANI KWETU

Lakini nyani haoni kundule. Mume anayeiba simu ya mkewe usiku ili aiunganishe na kompyuta yake, mwajiri anayetia programu ya siri katika simu za wafanyakazi, kiongozi wa chama anayenunua ujumbe wa mpinzani wake wa uteuzi: hawa wote ni watoto wa mlolongo. Ndoa yenye shaka yahitaji mazungumzo au wazee au mahakama, haihitaji jasusi. Mzazi anayo haki ya kuiangalia simu ya mtoto mdogo, mradi mtoto ajue kwamba yaangaliwa. Kanuni ni moja kwa wakubwa na wadogo: asomwaye awe amekubali, au jaji awe ameamuru.

TWADAI

1. Ujumbe wa mtu yeyote usisomwe pasipo kibali cha jaji wa Mahakama Kuu kinachotaja mtu, sababu na muda, hata katika mambo ya ugaidi.

2. Uchunguzi ukiisha, aliyesomwa aarifiwe, ili apate kwenda mahakamani.

3. Kila kampuni ya simu itangaze kila mwaka imepokea maombi mangapi ya habari za wateja, na imekataa mangapi.

4. Simu iliyochukuliwa na polisi itiwe lakiri mbele ya mwenyewe, na kila mkono unaoigusa uandikwe. Ushahidi uliopatikana kwa hila utupwe, kama kifungu cha 50 cha Katiba kinavyoelekeza pale unapoiharibu haki ya kesi.

5. Kila chama kinachojiita cha mageuzi kiape kwa maandishi kwamba hakitanunua wala kutumia ujumbe ulioibwa.

Nanyi wasomaji, msikabidhi simu iliyofunguliwa bila kuuliza kibali kiko wapi. Mkiichukuliwa, andikeni tarehe, kituo na nambari ya afisa. Ikirudishwa, msiitumie kabla ya kukaguliwa na fundi mnayemwamini.

Wazazi wetu waliukataa mlolongo ilhali ulipangwa mchana kweupe. Sisi tuukatae huu upangwao gizani. Siri ya kura yaanza na siri ya ujumbe. Ukimaliza kusoma jarida hili, mpe jirani.