Pate si Magofu

Imekuwa desturi katika madarasa yetu ya fasihi kulisoma shairi la Al-Inkishafi kana kwamba ni tangazo la tanzia ya mji. Mwalimu hueleza jinsi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyouonya moyo wake kwa kuyataja majumba ya mabwana wa Pate yaliyoporomoka. Mwanafunzi huandika daftarini kuwa Pate ulistawi, ukafilisika, ukafa. Kisha kengele hulia, na watu wote hutoka kwenda kunywa chai. Nimefundisha hivyo mimi mwenyewe kwa miaka kumi na minne. Nalifundisha kwa sauti ya huzuni, na huzuni ile ikanipatia sifa ya mwalimu mwema, ilhali sikuwa nimekanyaga Pate hata siku moja. Makala haya ni ya kuteta na desturi hiyo, na mshitakiwa wa kwanza ni mwandishi wake.

Sikwenda Pate kwa ajili ya elimu. Nalikwenda kwa kukosa starehe. Mwezi wa Agosti tulikuwa watu wanne, marafiki wa tangu ujana: mwanasheria mmoja, bibi mmoja mwalimu wa jiografia, tabibu mmoja, na mimi. Tulikuwa tumekodi jahazi zima kwa siku tano, pamoja na nahodha, mpishi na magodoro ya kulalia sitahani, tupate kuzunguka visiwa vya Lamu mpaka Kiwayu bila ya kusumbuliwa na mtu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo tuliyoyalipia. Usiku wa kuamkia safari mwenye chombo alituletea habari kwamba jahazi lilikwisha chukuliwa na wageni wengine, waliokuwa tayari kulipa zaidi na kulikaa juma zima. Nusu ya arubuni yetu ilirudi. Nusu ya pili tungali tunaingoja.

Mwanasheria alitaka kushitaki. Tabibu alitaka kurudi nyumbani. Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye pekee kati yetu aliyekuwa na akili asubuhi ile, aliuliza swali lililotutia haya: Je, watu wa Pate wenyewe hufikaje kwao? Hukodi majahazi?

Basi tulipanda mashua ya abiria. Nauli yake haikufika hata gharama ya chakula cha mchana kile ambacho mpishi wetu wa jahazini angetupikia. Ndani yake mlikuwa magunia ya unga, mabati, mitungi ya gesi, cherehani moja iliyofungwa kwa blanketi, mbuzi wawili, na watu wengi kuliko nilivyopenda. Tulipouliza saa ya kuondoka tuliambiwa, "Maji yakijaa." Mwanasheria alidhani anafanyiwa mzaha. Hakuna mzaha. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari unaotenga Manda na bara, haupitiki vema ila maji yakiwapo, na mji wenyewe wa Pate una mwambao wa kina kifupi hata vyombo huulizia maji kabla ya kuukaribia. Yakikosekana, abiria hushukia Mtangawanda na kuumaliza mwendo kwa nchi kavu. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, aliyekuwa akirejea kutoka hospitali ya Lamu na mtoto mwenye homa mapajani, alimweleza mwanasheria kwa upole, kama amwelezavyo mtoto: "Baba, leo mwezi kumi na nne, ni bamvua. Bamvua hujaa saa kumi. Tutaondoka saa nane." Tuliondoka saa nane.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza inapoanza. Vitabu vya kuwavutia watalii husema kwamba Lamu ni mahali ambapo wakati umesimama, na baadhi yetu wasomi tumeliokota neno hilo na kulitia katika mihadhara, tena kwa lugha nzuri zaidi. Ni neno la uongo. Mtu anayejua mwezi ni wa ngapi, na maji yatajaa saa ngapi, na mtoto wake atafikishwa nyumbani kabla ya homa kupanda au baada yake, hakusimama katika wakati. Ameshikwa na wakati kwa ukali ambao mimi mwenye saa ya mkononi siujui. Aliyesimama ni yule mwenye kukodi chombo kizima apate kusahau siku.

Tulishukia Mtangawanda, tukaenda Pate kwa miguu, tukaingia magharibi. Magofu yapo, hapana anayekana. Lakini kati ya magofu hayo mna mashamba ya tumbaku, na kati ya tumbaku mna watu wanaopalilia, na kando ya kuta za Wanabahani mna nyumba ambazo moshi wa chakula cha jioni ulikuwa ukitoka. Mtoto wa miaka kama saba alimwita nduguye: "Ndoo!" Nalisimama palepale. Neno hilo, pamoja na "nti" na "mato" na "yuu", nimekuwa nikiwaandikia wanafunzi pambizoni, "lugha ya kale ya washairi". Wengine wamepunguziwa alama kwa mkono wangu kwa kulitumia katika insha. Mtoto yule hakuwa mshairi, wala hakuwa wa kale; alikuwa na njaa, na nduguye alikuwa akichelewa.

Nasema, basi, kwamba Sayyid Abdalla hakuandika tanzia ya Pate. Aliandika mawaidha kwa moyo wake juu ya kiburi cha mali, akatumia majumba ya matajiri kuwa mfano. Sisi tumeugeuza mfano kuwa habari, na habari kuwa hukumu. Tajiri alipoanguka, mshairi aliona kuta tupu. Mpalizi wa tumbaku hakuonekana katika shairi kwa sababu shairi halikuwa lake. Lakini mwalimu wa chuo kikuu katika karne hii ana udhuru gani? Mji uliompa Bwana Mwengo mahali pa kutungia Utendi wa Tambuka mwaka 1728 bado una watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani kila alasiri, na sisi twaufundisha kama twafundishavyo Babeli.

Tulikwenda Siyu asubuhi kwa njia ya mashamba. Sitauelezea mwendo, jua lilikuwa jua na mwanasheria alilalamika. Mbele ya ngome ya Siyu, iliyo ukingoni mwa maji, nilikumbuka jinsi tunavyomfundisha Mwana Kupona. Twasema alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Twajadili utii wa mke. Na tukisha kujadili utii twaona kazi imekwisha. Wangapi huwaambia wanafunzi kwamba mumewe alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, ambaye katika miaka ya 1840 watu wake walilirudisha nyuma jeshi la Sayyid Said, na kwamba Siyu haikutiishwa na Unguja mpaka miaka ya 1860, zamani za Sayyid Majid? Mwanamke aliyeandika juu ya adabu ya nyumba aliishi katika nyumba ya vita. Nilipofika darasani niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao wote wamefaulu mtihani wa utendi huo, Siyu iko wapi. Mmoja alijibu sawasawa. Alikuwa mtoto wa baharia.

Faza nayo sitaipita kimya, ingawa tulilala usiku mmoja tu. Wareno waliuchoma mji huo mwaka 1587, nao umesimama tena kwa miaka mia nne na zaidi bila ya kutuomba sisi idhini ya kuishi. Kizingitini tuliona wavuvi wakipima kamba, na bei waliyolipwa pale mwambao, ukilinganisha na bei ya kamba katika hoteli za mijini, ingetosha kuwa somo la uchumi la muhula mzima.

Kutoka Kizingitini tulipanda mashua ndogo kwenda Ndau na Kiwayu. Katikati ya safari mashine ilizimika. Nahodha hakushangaa, alitweka tanga, akanipigia kelele mimi niliyekuwa karibu: "Mwalimu, shika demani!" Nalitazama mbinguni. Katika madarasa yangu demani ni majira, yale ya mwisho wa kusi pepo zinapotulia, na ni swali la alama mbili. Kumbe demani ni kamba pia, ile ya kulishikia tanga upande usio wa upepo, nayo ilikuwa ikipigapiga karibu na goti langu. Mtoto wa nahodha aliishika kabla sijamaliza kufikiri. Kamusi ninayo, maana zote mbili zimo, nimezisoma. Sikuwa nimepata kuhitaji ile ya pili. Na lugha ambayo mtaalamu wake hana haja ya nusu ya maneno yake imo hatarini zaidi mikononi mwake kuliko mikononi mwa watoto wa Kiwayu.

Wako watakaonipinga, na nimewasikia. Wengine husema kuwa jahazi la kukodi humpatia mwenyeji riziki. Ni kweli, nami sisemi lisikodiwe. Mtu aliyechoka na ana fedha zake aende akapumzike, Mungu ampe raha. Nasema tu kwamba asirudi akajiita mjuzi wa visiwa. Wengine husema kuwa vyombo vya abiria ni vya hatari, na msomi mwenye watoto hapaswi kujihatarisha. Hoja hii ni nzito zaidi, kwani chombo cha Spice Islander kilizama mwezi wa Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba kikiwa na watu wengi mno kupita kiasi chake, na mamia walikufa. Mashua yetu wenyewe haikuwa na maboya ya kujiokolea ya kutosha watu wote, nilihesabu. Lakini ni nani aliyehesabu kabla yangu? Mama mwenye mtoto mgonjwa hana gazeti la kuandikia. Sisi wenye kalamu tukijitenga katika jahazi letu, hatari ile haipungui. Hukosa shahidi tu. Anayesema chombo hakifai kwa mwalimu ila chafaa kwa yule mama, na anyamaze, au aseme waziwazi kwamba roho zina bei mbalimbali.

Kuna na watatu, hao wa idarani kwetu, wasemao kwamba maandishi yatosha: miswada imehifadhiwa, matoleo yamechapishwa, safari ni anasa. Hao ndio ninaogombana nao hasa. Mswada wa Pate ulisomwa kwa sauti katika nyumba za Pate, na watu waliousikia walijua bamvua ni nini bila ya tanbihi. Mwanafunzi wetu ana tanbihi lakini hana bamvua. Tusidhani amepewa zaidi.

Tuliporudi Lamu tulilikuta jahazi letu limetia nanga, na mwenyewe akatuita kwa furaha akitaka kutupunguzia bei, kwani wageni wake walikuwa wameugua bahari siku ya pili. Tabibu aliuliza kama angewachukua abiria wa Faza njiani. Akasema hilo si jahazi la namna hiyo.

Mwezi uliopita nimewaandikia wakubwa wangu kuomba nauli ya wanafunzi kumi na wawili kwenda Pate, Siyu na Faza kwa mashua ya abiria, pamoja na maboya kumi na mawili, yakaachwe kwa nahodha baada ya safari. Jibu limekuja kwamba fungu la safari lipo, ila limewekwa kwa ajili ya kongamano juu ya urithi wa visiwa, litakalofanyika hotelini. Nimeandika barua ya pili, na ndani yake nimetaja tarehe za bamvua mpaka mwisho wa mwaka.