Mguu Unauma, Mbona Twapimwa Damu Tu?

Mwaka jana ami yangu alianza kusimama njiani. Kutoka kwake Kibokoni hadi msikitini si mbali, lakini akifika nusu ya njia shavu la mguu wa kushoto lamkaza, aegemea ukuta dakika mbili tatu, maumivu yatulia, aendelea. Sisi nyumbani tukasema ni uzee. Ana kisukari, na sigara alikuwa hajaiacha.

Akaenda kliniki moja ya binafsi, akatolewa damu, akalipa, akarudi na karatasi: CRP iko juu. Akapewa antibiotiki na dawa ya maumivu. Hakuna aliyemwambia avue makubadhi. Baada ya miezi mitatu kidole gumba kilikuwa cheusi, kikakatwa.

Hiyo CRP si kipimo cha uongo. Ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapowaka kwa ndani, na mishipa inayozibwa na mafuta huwaka hivyo hivyo, polepole, miaka mingi. Mwaka 1998 Paul Ridker na wenzake Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha madaktari wanaume 144 waliokuja kupata ugonjwa wa mishipa ya miguu na wengine 144 ambao hawakuupata. Waliougua walikuwa na CRP ya juu zaidi tangu mwanzo, kabla ya dalili yoyote. Kwa hiyo damu husema kitu.

Lakini husema moto upo, haisemi chumba gani. Jino bovu huipandisha CRP. Malaria, kifua, kidonda, baridi yabisi, hata unene, vyote huipandisha. Wataalamu wa moyo huona iliyozidi miligramu 3 kwa lita kuwa dalili ya hatari, ila ikipita 10 hushauri maambukizi yatafutwe kwanza na kipimo kirudiwe. Sasa hapa kwetu, nani hana jino?

Kinachoujua mguu ni mguu wenyewe. Daktari atie vidole juu ya wayo na nyuma ya kifundo, atafute mdundo. Kisha apime presha ya mkono na ya kifundo, kwa mkanda wa kawaida na kifaa kidogo cha Dopla kinachosikiliza damu ikipita. Presha ya kifundo igawanywe kwa ya mkono. Ikiwa chini ya 0.90, mshipa umebanwa. Haumizi, na hakuna sindano. (Kwa wenye kisukari cha muda mrefu mishipa huwa migumu na hesabu yaweza kupita 1.40; hapo hupimwa presha ya kidole.)

Kinachonikera ni kuwa tumezoea kuona karatasi ya maabara ndiyo matibabu. Mgonjwa aona amehudumiwa, kliniki imepata pesa yake, na mguu umebaki ndani ya kiatu. Ami angegunduliwa mapema, dawa zenyewe si za ajabu: kuacha sigara, dawa ya kolestro, aspirini au mfano wake, kudhibiti sukari na presha, na kutembea. Naam, kutembea hadi maumivu yaje, kupumzika, kisha kuendelea. Ndivyo afanyavyo sasa, ufukoni alfajiri, na sigara ameacha. Lakini kidole hakirudi.

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, gumzo la barzani ni nani amesajiliwa na nani amekataliwa kaunta. Ni gumzo la haki. Ila kadi haitamvua mtu kiatu. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, na kliniki za kisukari ziko chini yao. Mwakilishi wetu wa wadi akija tena kuomba kahawa hapa, nitamuuliza mambo mawili: zahanati zetu zina Dopla ngapi, na siku ya kliniki ni nani anayekagua miguu?