Dirisha la Wazee, Dawa Hakuna

Mimi wiki hii utani kidogo tu, maana nilimpeleka bibi yangu hospitali.

Bibi ana miaka 74 na presha yake. Tulipofika, ukutani bango kubwa: Mpishe Mzee Kwanza. Roho ikasuuzika! Na kweli tukapishwa, daktari akapima, akaandika dawa. Kasheshe likaanza dirishani.

"Hizi hazipo, kanunueni duka la nje."

"Dada, si wazee wanatibiwa bure?"

"Bure ni kama dawa zipo, kaka."

Nikaanza kuwaka. Bibi akanivuta shati: "Mume wangu, acha, watatunyima hata panadol." Halafu akamgeukia yule dada: "Ahsante mwanangu, Mungu akubariki."

Sasa ahsante ya nini? Hapo ndipo nilipoumia. Hela ya viatu ikaishia duka la dawa, lakini ile ahsante ndiyo iliyoninyima usingizi.

Jioni nikamvaa mshikaji wangu mmoja wa kijiweni, yeye anasomea sheria. Akaniambia, huku Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003. Mzee ni wa miaka 60 kwenda juu, na asiye na uwezo atibiwe bure. Safi kabisa! Tatizo, anasema, sera ni ahadi ya serikali. Ahadi isipotimizwa, bibi yako hana karatasi ya kwenda nayo mahakamani. Sheria ndiyo inayomtoa kwenye kuhurumiwa ikampa haki yake.

Wenzetu Zanzibar walianza pensheni jamii Aprili 2016. Kila mwenye miaka 70 akawa anapata shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au muuza urojo. Mwaka 2020 wakatunga na sheria ya mambo ya wazee. Najua utacheka, 20,000 wewe unaimaliza kwa vocha na chipsi kuku. Sawa, lakini mzee alikuwa anaipokea bila kumpigia mtu magoti.

Kenya nao wameiweka kwenye Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57: wazee waishi kwa heshima, wasinyanyaswe, wapate matunzo kutoka kwa familia na serikali.

Familia! Hapo nikameza mate. Nilikuwa namfokea dada wa watu dirishani, wakati mimi mwenyewe nilikuwa na miezi minne sijakanyaga kwa bibi, na wote tunaishi jiji hili hili. Nauli ya daladala nilikuwa nayo, jamani, nisiwadanganye.

Kliniki nyingine ni mwezi ujao. Nimemwambia bibi safari hii nitauliza tena, kwa adabu, mpaka kwa mganga mkuu. Kasema sawa, ila yeye atakaa benchi la mwisho kabisa, ajifanye hanijui.