Gololi za Kale na Kuzikadiria Thamani

Katika maswali yaliyotufikia mwezi huu limo moja la familia ya hapa Nyakato, nasi twasema Nyakato yetu ya Musoma, si ile ya Mwanza. Mzee wao amefariki, na katika vitu vyake limeonekana kopo lenye gololi 80 au zaidi. Akaja mgeni, akazitazama, akatoa shilingi 10,000 kwa kopo zima, naye akataka jibu siku ile ile. Jirani aliposikia akasema: msiuze, hizo ni gololi za Mjerumani, zina mamilioni. Wanauliza, nani kati ya wawili hawa asadikiwe?

Jawabu letu ni kuwa asisadikiwe hata mmoja mpaka gololi zenyewe zitazamwe. Gololi hubeba mwilini mwake alama za namna ilivyotengenezwa, na mwenye macho na subira aweza kuzisoma mchana, mlangoni, bila ya kumlipa mtu.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu Mara gololi ni hizi za kioo wachezeazo watoto, na pia ni zile za chuma zilizomo ndani ya beringi, na zile kubwa zinazosaga mawe ya dhahabu katika makarasha ya wachimbaji. Wala lugha yetu haikukosea kuziita kwa jina moja. Martin Christensen, fundi wa mji wa Akron huko Marekani, alianza kwa kubuni mashine ya kuzifanya gololi za chuma ziwe duara kamili, kisha akaigeuza fikra ile kwenye kioo, akapewa hataza yake mwaka 1905. Tangu hapo gololi ya kioo ikawa kitu cha mashine, na rakhisi. Basi katika kopo lile za chuma zitengwe upande, sumaku itazikamata. Hizo ni za fundi baiskeli au za karasha, na bei yake ni bei ya chuma.

Kabla ya mashine kazi ilikuwa ya mkono, na iliyoshika sifa ni ya Lauscha, mji mdogo wa mafundi wa kioo katika nchi ya Thuringia, Ujerumani. Katikati ya karne ya 19 mafundi wale walibuni mkasi wenye kikombe kidogo kwenye ncha yake. Fundi alitengeneza ufito wa kioo, na ndani yake akapanga nyuzi za kioo cha rangi. Akaupasha moto ncha yake mpaka ulainike, akautia ncha katika kikombe, akauzungusha hata ukawa duara, kisha akakata. Pale alipokata pakabaki kovu. Sisi tutaliita kitovu, kwani ni hivyo hasa: mahali kiumbe alipotengwa na mama yake. Gololi ya namna hii aghalabu ina vitovu viwili, kimoja juu na kimoja chini, na nyuzi za rangi zatoka katika kimoja zikijisokota mpaka zaishia katika cha pili. Pitisha ukucha taratibu. Kitovu huparuza, au huonekana kama pamesagwa kidogo.

Gololi ya mashine haina kitovu. Iliviringishwa ingali moto baina ya vyuma viwili vyenye mifereo, na rangi zake huzunguka pasipo mwanzo wala mwisho, au hukutana penye mshono mwembamba. Zile za mwanzo kabisa za Christensen ziko kati na kati, kwa sababu kioo kilichotwa kwa mkono kabla ya kuingia mashineni. Hizo mara nyingine rangi yake imejikunja mfano wa tarakimu 9, nao wakusanyaji huzitafuta kwa alama hiyo. Kadhalika huzitafuta za kampuni ya Akro Agate, iliyofanya kazi Clarksburg katika jimbo la West Virginia tangu 1914 hadi 1951. Ule mwaka 1914 vita vilikata biashara ya Wajerumani, na Wamarekani wakaushika soko.

Sasa tuje kwa zile tulizozizoea: kioo cheupe chenye kuonyesha, na katikati yake kipande cha rangi kama majani matatu au manne. Hizi huitwa jicho la paka. Wajapani ndio waliozimwaga katika masoko ya dunia baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia yapata mwaka 1950, na viwanda vya nchi nyingine vikafuata. Jicho la paka, basi, haliwezi kuwa la zama za utawala wa Wajerumani hapa kwetu, ambao ulikwisha katika Vita Kuu ya Kwanza. Neno hili tumelikusudia kwa yule jirani. Nchi yetu ina maradhi ya zamani ya "mali ya Mjerumani": leo rupia, kesho hazina iliyozikwa chini ya mbuyu, na kila mara kuna mtu wa kutoa fedha ya kuchimbia. Haya hayana budi kufika kwenye gololi, kama hayajafika. Atakayekuuzia jicho la paka kwa jina la Mjerumani, mwonyeshe mlango.

Zimo na nyingine ambazo ni nadra. Zipo za jiwe la akiki, zilizochongwa Idar-Oberstein, Ujerumani. Hizo ukizigeuza polepole penye mwanga waona vijibapa vidogo vidogo vya jiwe la kunolea, na mistari yake ni ya jiwe, si ya kumiminwa. Zipo za udongo uliochomwa, ambazo ni za kale kweli lakini zilitengenezwa kwa wingi mno, basi ukale wake hauzipi bei. Na zipo za kioo cheupe zenye sanamu ndogo ya udongo ndani yake, kondoo au ndege, ing'aayo kama fedha. Hizi ndizo ghali, na kwa hiyo ndizo zinazoigizwa leo. Kutengeneza mfano si kosa. Kosa ni kuuuza kwa jina la asili.

Baadhi ya watu huwasha ile taa ya kukagulia noti, na gololi ikitoa mwanga wa kijani hupiga kelele. Mwanga huo ni wa madini ya urani, yaliyotiwa zamani katika kioo ili kukipa rangi. Ni dalili tu, wala si ushahidi, kwani kioo cha namna hiyo hakijaacha kutengenezwa.

Baada ya kujua aina, tazama hali. Gololi iliyomeguka kidogo tu hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake mbele ya mkusanyaji. Msizichemshe wala msizitie maji ya moto, zitapasuka. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vyatosha. Msizisugue kwa dawa ya kung'arishia, maana aing'arishaye gololi ya kale huondoa na kitovu, na kitovu ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Kisha zipimwe: weka gololi baina ya vipande viwili vya mbao vilivyonyooka, pima nafasi kwa rula. Nyingi zitakuwa kiasi cha milimita 16. Ile ya mkono ipitayo 40 ni ya kuwekwa peke yake, na ipigwe picha pande zote, vitovu vikionekana.

Khabari ya bei twaisema wazi. Katika minada ya Marekani gololi adimu ya mkono, isiyo na dosari, hufika mamia ya dola, na chache sana maelfu. Jicho la paka halifiki kitu. Twadhani kopo la Nyakato, kama makopo mengi, litakuwa na jicho la paka tele. Lakini kudhani si kutazama, na moja tu yenye vitovu viwili yaweza kuzishinda zote 79 zilizobaki.

Na yule mgeni? Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye bidhaa kabla hawajafika sokoni, kwa kuwa hawajajua bei. Na akampa mwenye mali khiari afikapo sokoni. Anayekuja nyumbani kwa wafiwa na kuwahimiza wauze siku ile ile anafanana na walioketi njiani kungojea msafara. Lakini msitegemee kuwa mtamrudia baadaye: katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu mzima aliyeuza kwa ridhaa yake kisha akaona amepunjika, kupunjika peke yake hakumvunjii biashara. Ndiyo maana twasema tazameni kabla ya kuuza.

Jambo hili lazidi uzito kwa kuwa katika warithi mna watoto wawili ambao hawajabaleghe. Fungu lao limo katika kila gololi ya kopo lile, na msimamizi hana ruhusa kuliuza ila kwa haja au kwa faida iliyo dhahiri, tena kwa bei ya mfano wake. Shilingi 10,000 zilizotolewa na mtu mmoja mwenye haraka si bei ya mfano. Ziandikwe katika orodha ya mirathi aina kwa aina, idadi na hali yake, zikadiriwe na watu wawili wasiozinunua. Na kama yuko mrithi mkubwa anayezitaka kwa kumbukumbu ya marehemu, apewe, na kadirio lake lihesabiwe ndani ya fungu lake.